Pemba, safura, na udongo unaoatamia

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, ungeingia darasa lolote la shule ya msingi kisiwani Pemba, ukapima choo cha watoto kumi, ungewakuta tisa na minyoo ya safura. Minyoo mjeledi nayo ungeikuta kwa tisa au wote kumi. Mchango, ile minyoo mirefu ya mviringo ambayo mtoto huitoa na mama akapiga yowe, ungewakuta nao saba hivi. Mtoto asiye na mnyoo hata mmoja ndiye aliyekuwa wa ajabu.

Kisa hiki cha Pemba nakiandika kwa sababu ni vigumu kupata mahali pengine katika nchi zetu ambapo minyoo ya udongo imepimwa, imetibiwa na kufuatiliwa kwa muda mrefu namna hii. Tangu mwaka 2000 kisiwa kina maabara yake ya afya ya jamii huko Wawi, Chake Chake, yenye jina la Ivo de Carneri, mwanasayansi wa vimelea wa Kiitaliano. Kabla na baada ya hapo, watoto wa Pemba wametoa vikopo vya choo na matone ya damu kwa maelfu. Waliyotufundisha yanatosha kujibu swali ambalo mzazi yeyote wa pwani amewahi kujiuliza: kwa nini mtoto anapewa dawa ya minyoo shuleni, na baada ya muda minyoo inarudi kana kwamba hakupewa kitu?

Tuanze na neno lenyewe. Safura si jina lililoletwa na hospitali. Wazee walilitumia kumwelezea mtu aliyepauka, aliyechoka bila kufanya kazi, uso na miguu imemvimba, moyo unampiga akipanda kilima kidogo, na zaidi ya yote mtu mwenye uchu wa kula udongo. Bibi alikuwa akimshika mjukuu kidevu, anamfunua kope la chini kwa kidole gumba, akiona peupe anasema huyu ana safura. Kipimo hicho cha kope daktari bado anakitumia. Kwa hiyo wenyeji walikwishaona zamani kwamba damu na udongo vina uhusiano, ila uhusiano wenyewe umekaa kinyume na wengi wanavyoudhani. Utafiti uliofanywa Zanzibar na kuchapishwa mwaka 2007 uliangalia wanaokula udongo, ukakuta kwamba ulaji huo hauhusiani na kupata minyoo ya safura wala mjeledi. Kula udongo mara nyingi ni dalili ya mwili kukosa madini ya chuma. Mjamzito anayetafuna udongo asigombezwe kwamba amejitakia minyoo. Apelekwe akapimwe damu.

Minyoo inaingia kwa njia nyingine, na hapo ndipo kisa kinapoanzia.

Mayai ya minyoo hii yakitoka tumboni hayamwambukizi mtu papo hapo. Yanahitaji kuatamiwa, na anayeatamia ni udongo. Yai la mchango linakaa ardhini wiki mbili, tatu, ndipo lililomo ndani linakuwa tayari kumwingia mtu kwa mkono mchafu, embe lililookotwa au mboga isiyooshwa vizuri. Gamba lake ni gumu kiasi kwamba linaweza kusubiri ardhini kwa miaka. Yai la mjeledi linafuata njia hiyo hiyo. Yai la safura halina subira hiyo. Likianguka penye kivuli na unyevu linaanguliwa baada ya siku moja au mbili, na kiluwiluwi chake ndani ya siku tano hadi kumi kinakuwa na uwezo wa kutoboa ngozi. Kinasimama juu ya udongo au ncha ya jani kikingoja mguu upite. Mtu anahisi muwasho katikati ya vidole vya miguu, anakuna, anasahau. Kiluwiluwi kimeshaingia kwenye damu, kinapita moyoni, kinafika mapafuni, kinapanda kooni, kinamezwa na kushuka utumboni. Huko kinakua, kinang'ata ukuta wa utumbo na kuanza kunyonya.

Sasa tazama Pemba ilivyo. Upande wa magharibi ni vilima na mabonde, udongo wa mfinyanzi, mikarafuu na migomba inayofunga kivuli mchana kutwa. Masika inanyesha kuanzia Machi hadi Mei, vuli inarudi Oktoba hadi Desemba, na katikati yake ardhi ya bondeni haikauki kabisa. Upande wa mashariki na kaskazini ni mawe ya matumbawe, na kuchimba shimo la choo huko ni kazi ya nyundo na siku nyingi. Ongeza watoto wanaookota karafuu chini ya miti bila viatu. Kiluwiluwi cha safura kisingeweza kuchagua mahali pazuri zaidi.

Kinachofuata ndicho watu wengi hawakielewi, nami nakiona ndicho kiini cha jambo. Kuwa na minyoo na kuumwa na minyoo ni mambo mawili. Jambo la kuuliza ni wingi wake.

Mnyoo mmoja wa safura wa aina ya Necator unampotezea mtu takribani mililita 0.03 za damu kwa siku, tone moja dogo. Aina ya pili, Ancylostoma, ni mlafi kuliko huyo na unaweza kufika mililita 0.2. Aina zote mbili zipo Pemba, na shule ambazo Ancylostoma ilikuwa nyingi ndizo zilizokuwa na upungufu wa damu mbaya zaidi. Tuchukue aina iliyo pole. Mtoto mwenye minyoo 200 ya Necator anapoteza mililita 6 kwa siku, ambazo kwa mwezi zinafika 180, karibu nusu chupa ya soda. Mtoto wa kilo 20 ana damu ya lita moja na nusu hivi mwilini. Kweli, utumbo unanyonya tena sehemu ya chuma kilichomwagika, lakini chakula cha muhogo na wali wenye mchuzi mwepesi, samaki wakiwa wachache, hakiwezi kurudisha kinachobaki kimepotea. Mtoto hafi. Anapauka, anasinzia darasani, anakaa pembeni wenzake wakicheza, na watu wanamwita mvivu.

Ndiyo maana takwimu za Pemba zilishtua. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997, uliopima watoto wa shule 3,595, ulikuta asilimia 62 wana himoglobini, yaani wekundu wa damu, chini ya gramu 11 kwa desilita, kiwango kinachohesabiwa upungufu wa damu. Kwa wengi wao chuma ndicho kilichopungua. Watafiti walipokokotoa sehemu inayotokana na minyoo ya safura, walipata robo ya upungufu wote wa damu. Ila walipowaangalia peke yao wale wenye upungufu mkali, safura ilibeba asilimia 73. Maana yake minyoo michache inaongezea shida ambayo lishe na malaria vimekwisha kuileta, na minyoo mingi ndiyo inayompeleka mtoto kwenye ukingo wa hatari.

Kinachomtenganisha mtoto mwenye minyoo michache na mwenye mingi ni kioo kimoja cha maabara. Mtaalamu anachukua kinyesi kidogo, anakisukuma kwenye chujio laini kutoa makapi, anajaza tundu la kibati kilichowekwa juu ya kioo. Tundu hilo linabeba miligramu 41.7, si zaidi. Anaondoa kibati, anafunika kwa kipande cha karatasi laini inayopitisha mwanga iliyolowekwa kwenye gliserini, anageuza kioo na kukikandamiza mpaka kinyesi kinatandazika kama ukungu wa kijani na kahawia. Kisha anakwenda kwenye hadubini na hana muda wa kupoteza, kwa sababu gliserini inayosafisha kinyesi ndiyo hiyo hiyo inayoyafuta mayai ya safura. Yana gamba jembamba, angavu kama tone la maji lenye chembe chache ndani, na yakipita saa moja hayaonekani tena. Mayai ya mjeledi yanavumilia, yana umbo la pipa dogo lenye vizibo viwili. Ya mchango ni ya kahawia, yamekwaruza kama ganda la stafeli. Anahesabu yote, anazidisha kwa 24, anapata idadi kwa gramu moja. Kwa safura, kuanzia 4,000 kwa gramu ni maambukizi mazito. Maabara iliyozidiwa na wagonjwa, inayoacha vioo mezani mpaka baada ya chakula cha mchana, itaandika "hakuna" kwa mtoto mwenye safura, na mama atarudi nyumbani na karatasi inayosema uongo. Kosa hilo ni dogo na linaepukika, kwa hiyo linaniuma kuliko makosa mengine makubwa.

Katikati ya miaka ya 1990 Zanzibar ilianza kuwapa watoto wa shule mebendazoli, kidonge kimoja cha miligramu 500 cha kutafuna, walimu wakisimamia. Uamuzi wa kutowapima wote kwanza ulikuwa sahihi. Penye watoto tisa kati ya kumi wenye minyoo, kupima kila mmoja ni kutumia fedha ya dawa kununulia vioo. Shule 12 za Pemba zilifuatiliwa kwa mwaka mmoja kulinganisha waliopewa mara mbili, mara tatu na ambao hawajaanza kupewa. Minyoo haikwisha, lakini damu iliokolewa. Watafiti walikadiria kuwa, kwa watoto 30,000 wa shule, mpango huo ulizuia ndani ya mwaka mmoja visa 1,260 vya upungufu wa damu wa wastani na mkali, vikiwemo 276 vikali. Watoto 276 ni shule ndogo nzima. Mtu asikudanganye kwamba kidonge hakina maana kwa sababu minyoo ilirudi.

Na ilirudi kweli. Utafiti mwingine wa Pemba uliwafuatilia watoto baada ya kutibiwa, wengine kwa mebendazoli na wengine kwa albendazoli, na miezi sita baadaye wingi wa minyoo ulikuwa umekaribia kurudi pale pale ulipoanzia. Haikuwa dawa mbovu, wala mzazi mzembe. Kidonge kinafanya kazi tumboni kwa siku chache na kutoka. Hakiachi kinga. Wakati mtoto anakitafuna shuleni, nyuma ya nyumba yao udongo unaendelea kuatamia mayai ya mwezi uliopita, ya kwake mwenyewe, ya mdogo wake asiyesoma bado, ya baba na ya jirani. Jike moja la mchango linaweza kutaga mayai 200,000 kwa siku. Ardhi haihitaji kuchafuliwa na watu wengi.

Likazuka jambo la pili. Baada ya miaka kadhaa ya kutumia mebendazoli ile ile, ilipimwa tena dhidi ya safura kwa watoto wa kisiwa hicho hicho. Kabla ya mpango, dozi moja ilikuwa ikipunguza mayai kwa asilimia 82 hivi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha asilimia 52 hivi. Hilo peke yake halithibitishi usugu, na ni haki kuwa mwangalifu na neno hilo. Lakini wafugaji wa mbuzi na kondoo wanajua minyoo ya mifugo ilivyozizoea dawa za jamii hii, na sioni sababu ya minyoo ya binadamu kuwa na tabia tofauti. Mebendazoli ilipochanganywa na levamisoli, dawa nyingine ya minyoo, ilifanya vizuri zaidi, na mafunzo yake ni kwamba dawa moja isitegemewe milele.

Minyoo mjeledi ndiyo iliyoumiza vichwa zaidi. Inachomeka ncha yake nyembamba ndani ya ukuta wa utumbo mpana na kujishona humo, na dozi moja ya dawa za kawaida inaipapasa tu. Katika jaribio la Pemba lililochapishwa mwaka 2014, albendazoli peke yake iliwaponyesha kabisa asilimia 3 hivi ya watoto wenye mjeledi, mebendazoli asilimia 12 hivi, na mchanganyiko wa albendazoli na oksanteli pamoeti asilimia 31. Mzazi akisikia kwamba mtoto wake "amepewa dawa ya minyoo", ajue kuwa kwa mjeledi maneno hayo yanabeba kidogo sana.

Utasema basi, kama shida kubwa ni damu, tuwape watoto madini ya chuma. Pemba ilijaribu, na hapa kisa kinakuwa kizito. Watoto wa umri wa mwezi 1 hadi 35 walipewa chuma na asidi ya foliki kila siku katika jaribio kubwa. Agosti 2003 sehemu hiyo ya jaribio ilisimamishwa, na mwaka 2006 matokeo yalichapishwa: waliopewa chuma walilazwa hospitali au kufariki zaidi ya wenzao kwa asilimia 12. Malaria ilikuwa kali kisiwani wakati huo, na kumwongezea chuma mtoto asiyekihitaji, huku malaria haitibiwi kwa wakati, kulimweka hatarini. Ila katika kundi dogo lililopimwa damu na kufuatiliwa kwa karibu kwa malaria, watoto waliokuwa na upungufu walinufaika. Kwa hiyo chuma si sumu. Kinataka kutolewa kwa anayekihitaji, mahali ambapo malaria inatazamwa. Nawaomba wazazi wanaonunua dawa ya maji ya kuongeza damu dukani kwa ajili ya mtoto mchanga waikumbuke Pemba kabla ya kufungua chupa.

Kati ya mwaka 2001 na 2006 Zanzibar ilifanya jambo ambalo naona halijapewa uzito wake katika habari ya minyoo. Ili kupambana na matende na mabusha, watu wa visiwa vyote walipewa mara moja kwa mwaka ivermektini pamoja na albendazoli, wakubwa kwa wadogo. Shabaha ilikuwa matende, lakini albendazoli haichagui: ikifika tumboni inaikuta safura pia. Kwa mara ya kwanza baba mkulima na bibi wa nyumbani walitibiwa minyoo pamoja na mtoto wa shule. Tofauti hiyo ni kubwa, kwani safura, tofauti na mchango, haipungui mtu anapokua. Mtu mzima anayelima bila viatu anaweza kuwa nayo nyingi kuliko mwanawe. Mpango unaomtibu mtoto wa shule peke yake unasafisha chungu kimoja jikoni na kuacha sufuria zote.

Basi, wangenikalisha na sheha na mhudumu wa afya wa kijiji kimoja cha Pemba, ningeuliza nani hafikiwi na kidonge. Mtoto wa mwaka mmoja anaweza kupewa albendazoli, nusu ya dozi, miligramu 200, siku ile ile anapopelekwa kuchukua matone ya vitamini A. Mjamzito aliyepita miezi mitatu ya mwanzo anaweza kutibiwa kliniki, naye ndiye anayeingia leba na damu kidogo. Mtoto asiyekwenda shule aitwe shuleni siku ya dawa, hata kama hana sare. Shirika la Afya Duniani linataka ifikapo mwaka 2030 maambukizi mazito na ya wastani yawe chini ya asilimia 2. Lengo hilo linahusu wingi wa minyoo, jambo ambalo nakubaliana nalo kabisa, lakini halifikiki kwa kuhesabu walio na daftari la mahudhurio peke yao.

Kisha ningeuliza habari ya choo, na hapa nisingependa hotuba. Watu wa upande wa matumbawe hawajakataa vyoo, mwamba ndio uliowakatalia. Kumwambia mtu achimbe shimo la mita tatu kwenye jiwe bila kumsaidia vifaa ni kumlaumu tu. Huko yafaa choo kilichoinuliwa juu ya ardhi, kuta za mawe yale yale yanayomzuia kuchimba, na fundi wa kijijini anayejua kukijenga. Upande wa mabondeni shida ni maji kujaa shimoni wakati wa masika, na choo kilichofurika kinauletea udongo mayai mengi kwa siku moja kuliko mtu anayekwenda haja vichakani.

Swali la mwisho ningemuuliza mama mwenyewe, kwa upole, maana hakuna aliyewahi kumuuliza: kinyesi cha mtoto mchanga unakitupa wapi? Mara nyingi jibu ni migombani, nyuma ya jiko, na anajibu bila wasiwasi kwa sababu cha mtoto mdogo kinahesabiwa si uchafu. Hapo hapo migombani pana kivuli, pana maji ya kuoshea vyombo yanayomwagwa asubuhi na jioni, na ndipo watoto wakubwa wanapochezea mchana bila viatu.